Mdudu Asiye na Miguu Alivyofika Kanazi

Krr. Krr. Krr. Halafu kimya, halafu tena krr. Mpe mtu sufuria iliyoshika ukoko na kijiko cha bati, umwambie akwangue polepole asiamshe watoto, utaipata sauti hiyo. Ila pale Ijumbi hapakuwa na sufuria wala jiko. Palikuwa na ukungu, migomba, na sisi wawili tumesimama njiani. Tukitembea, sauti inanyamaza. Tukisimama, inaanza. Mpaka leo nikiosha vyombo nakwangua harakaharaka nimalize.

Mmeniuliza wote kwenye mazoezi ya kwaya nilikwenda wapi na yule dada wa wadudu, na kwa nini nimerudi nimepungua maneno. Sijapungua, mtaona. Nimeona niandike mara moja, msome kwa kupokezana, kuliko kuanza upya kila anapofika aliyechelewa.

Bukoba mpaka Kanazi

Dada Tumaini anatoka Mbeya. Anasomea wadudu, tena si wadudu wote, ni wale wanaoitwa magamba wenye ngao. Alihitaji mtu wa kumbebea vifaa na kumtafsiria Kihaya, na mimi tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nakaanga chapati kwenye mgahawa wa shangazi huku nikiota kusafiri. Habari za vibali na barua za kata naziruka, hazina utamu. Lililonivuta ni kusikia kwamba mtu akimpata mdudu ambaye bado hajulikani, mdudu huyo hupewa jina jipya. Tukiwa bado stendi nikamuuliza kama anaweza kupewa jina la msichana wa Bukoba.

"Inawezekana," akasema. "Ila umwone kwanza. Usije ukakataa."

Na kweli. Ukimwona hutasema ni mdudu, utasema ni doa la chokaa. Tumaini alinieleza njiani, mdomo umejaa chapati. Mtoto wa mdudu huyu anatoka kwenye yai na miguu sita, anatembea kidogo, anachagua mahali, anachoma mdomo kwenye mti. Jike akijivua ngozi ya kwanza, miguu yote inaondoka na ngozi hiyo. Hatembei tena mpaka anakufa. Ngozi aliyovua haitupi, anaiunga na nta inayotoka mwilini mwake, anajifunika nayo. Ndiyo ngao yake.

"Kwa hiyo anaishi chini ya ngozi zake za zamani," nikasema.

"Na anafia humo humo. Kula chapati yako."

Nilikula, lakini nilitafuna polepole.

Kanazi tulikwenda kutafuta magamba ya kwenye kahawa. Tulikuwa shambani kwa watu, tunageuza majani, mama mmoja akatuita kutoka kibanja cha jirani. Ma Anjelina, mjane, mwembamba, amejifunga kitenge kifuani. Hakutuuliza tunafanya nini. Alituambia tu, "Njooni muangalie na hii," akatangulia kati ya migomba.

Kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba. Pembe zote nne amepandiwa omulamula, ule mti wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi kwa sababu haufi kirahisi. Ilikuwa myeupe yote minne, shina na majani, kama mtu aliyepakwa majivu usoni. Na mkahawa uliokuwa umeinamia kaburi, matawi yake yanagusana na omulamula, ulikuwa wa kijani, safi kabisa. Ndege hakuna. Nilijikuta nanong'ona, sijui kwa nini, maana ilikuwa saa ya chai.

Tumaini akapiga magoti na kioo chake cha kukuzia. "Hao weupe wembamba ni madume," akasema. "Majike wako hapa pembeni, wana umbo la chozi. Wanafanana na ninaowajua, lakini kwa kioo hiki siwezi kuapa. Mpaka nimtazame jike kwa hadubini."

Nikamtafsiria Ma Anjelina. Akauliza jambo moja tu, kama kitu hicho kina jina.

Tulipoingia ndani akatuwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hapo ndipo shemeji yake alipofika, Ta Projestus, mdogo wa marehemu, mtu mzito wa mwili na sauti ya chini. Ma Anjelina akapiga goti akamsogezea kikapu.

"Nimeshatafuna kwangu," akasema Projestus.

Nyinyi mnajua maana yake. Mtu akikataa kahawa ya nyumba ya kaka yake, amesema kwamba mkono ulioitoa si salama. Tumaini akanikonyeza nimtafsirie. Nikaona aibu, nikamwambia, "Amesema ameshiba." Basi yeye, kwa roho yake nzuri, akatoa biskuti kwenye begi akampa Projestus, na Projestus akaipokea akaila palepale, mbele ya kikapu alichokikataa. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipomaliza akasema, akimtazama Tumaini kama shahidi, "Miti hii imeshapandwa upya. Ya kwanza ilikufa, tukaleta mingine kutoka kwa babu, kule Ijumbi, na hii nayo inakufa. Kaka anakataa kitu. Jumapili baada ya misa ukoo unakaa. Mama huyu atarudi kwao."

Ma Anjelina aliinuka. Alitusindikiza mpaka njiani, akanishika kiwiko. "Mwana wange, mwambie mwenzako anitafutie jina lake. Kitu chenye jina kinaweza kuulizwa kimetoka wapi. Mimi hapa naulizwa peke yangu."

Nikamwahidi. Tumaini aliponiuliza nimeahidi nini, nikamwambia, na ile habari ya kahawa nikamwambia pia. Tulitembea mpaka barabarani. Halafu akasema, "Kwa nini hukunizuia ile biskuti?"

Kanazi mpaka Kamachumu

Hadubini ilikuwa Kamachumu, kwenye maabara ya shule anapofundisha rafiki wa Tumaini. Tukapata lori la kupakia ndizi. Lilikuwa linasimama kila palipo na mikungu, na kila mkungu ulikuwa na mabishano yake. Dereva alitutuliza kwa hadithi za ajali, moja baada ya nyingine, kwa furaha kabisa, akionyesha kwa kidole mahali penyewe. Tulikula ndizi na maharage kwa mama mmoja kando ya barabara, na Tumaini akauliza kama tunaweza kupata wali. Yule mama akaniuliza kwa Kihaya, "Mwenzako anaumwa?"

Kule juu Kamachumu kulikuwa na baridi na ukungu. Tunashuka na mizigo, tunafuata kinjia cha kwenda shuleni, nikauona tena. Mweupe. Kaburi la saruji pembeni ya nyumba ya watu, omulamula kwenye pembe zake, umepakwa majivu vilevile. Kuzunguka hapo migomba na mikahawa, yote mizima.

Bibi mmoja alikuwa anaanua nguo. Nikamsalimia, nikamuuliza kaburi ni la nani.

"La mke wa mwanangu. Si wa hapa, aliolewa. Kwao Ijumbi."

Nikataja jina la ukoo wa marehemu wa Kanazi.

"Huohuo," akasema bibi. "Mmejuaje?" Akaacha nguo kwenye kamba akaingia ndani.

Nilimweleza Tumaini. Alicheka kidogo. Halafu akakata kipande cha jani, akakitia kwenye kichupa, na nikaona hacheki tena. "Huyu mdudu hana miguu," akasema. "Upepo ungempeleka popote, kwenye mkahawa, kwenye ua, popote. Anajuaje makaburi ya ukoo mmoja?"

Mimi nilikuwa nategemea yeye ndiye ajue.

Kamachumu, tukingoja jua

Huwezi kumtambua jike huyu kwa kumtazama tu. Ngao zao zinadanganya. Mti ukiwa laini ngao inakuwa pana, ukiwa mgumu inakuwa nyembamba. Inabidi umfunue kwa sindano, umtie kwenye dawa kali inayoyeyusha nyama yote ibaki ngozi, uipake rangi ya waridi, uilaze kwenye kioo. Halafu unasoma ncha yake ya nyuma. Huko ndiko kuna vijino na nywele zinazotofautisha huyu na yule.

Nilipewa kufunua. Mikono ya chapati ni myepesi, msinicheke. Chini ya ngao ya kwanza nilimkuta mama amejikunja kama zabibu kavu, amekufa, amesogea mwisho kabisa wa nyumba. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa mayai. Na wakati natazama, kitoto kimoja cha njano kikapita juu ya maiti ya mama yake kikatoka nje. Nikaweka sindano chini. Tumaini akaniambia nikapunge upepo, nikatoka, lakini nje kulikuwa na ukungu tu na sauti za wanafunzi nisiowaona.

Ngozi zikawa tayari, sasa hakuna mwanga. Umeme ulikuwa umekatika na hadubini yenyewe ni ile ya kioo cha chini, inaomba jua. Ukungu ukalala juu ya shule kama umelipa kodi. Mwalimu, yule rafiki yake, akawa anaingia kila baada ya kipindi: "Bado?" "Bado." Jumapili inasogea. Nilikaa dirishani namwomba Mungu jua, na nilivyo mimi, katikati ya sala nikapenyeza ombi la pili, kwamba mdudu awe mpya.

Jua lilitoka kwa ghafla, alasiri, tukakimbilia meza. Tumaini aliinama muda mrefu. Akabadilisha kioo, akarudisha kile cha kwanza.

"Njoo uone."

Nikaona kitu cha rangi ya waridi, kama jani linalopitisha mwanga. Ukingoni vijino viwili vya katikati vimebanana, na pembeni yake vitu kama miiba myembamba. Hicho kilikuwa cha Kanazi. Akaweka cha Kamachumu. Vijino vilevile, vimebanana vilevile.

"Pinnaspis," akasema. "Hilo ni jina la kundi lake, na ndani ya kundi ana jina lake la pili."

"Kumbe na yeye ana ukoo."

"Ana ukoo, ana ndugu, na wanafahamika dunia nzima. Pole, jina lako itabidi lisubiri."

Niliumia kidogo, nisiwafiche. Lakini Tumaini alikuwa anatembea huku na huku na kalamu sikioni. Wa Kanazi na wa Kamachumu ni aina moja, akasema, na kwenye kahawa za pale hajaona hata mmoja. Kwa hiyo hawakuja kila mmoja kwa njia yake. Wametoka mahali pamoja. "Projestus alisema miti ililetwa kutoka wapi?"

"Ijumbi," nikasema. "Kwa babu."

Kwenda Ijumbi

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kwa bodaboda. Dereva alitushusha njia panda, akasema kule ndani haendi. Nikamuuliza kwa nini. "Matope," akasema, lakini njia ilikuwa kavu.

Ndipo tukaisikia ile krr niliyowaambia. Tumaini alinishika mkono, na yeye ndiye mkubwa. Tulitembea, ikanyamaza. Tukasimama, ikaanza. Mwishowe nikapaza sauti nikatoa salamu kwa Kihaya, maana ukisalimu, kilicho mtu lazima kiitikie. Kikapita kimya kirefu. Halafu sauti ya mzee ikaitikia, imechoka, kutoka karibu sana.

Alikuwa Ta Leonsi, baba mdogo wa Projestus na wa marehemu, ndiye anayetunza kiini cha ukoo, boma la babu. Amevaa kanzu na koti, miguu peku, mkononi kijiko. Nyuma yake palikuwa na kaburi la babu yao mkubwa, na omulamula mnene, mrefu kupita paa la nyumba. Kuanzia chini mpaka pale mkono wa mzee unapofika, shina lilikuwa safi, limekwanguliwa mpaka linang'aa. Kuanzia hapo kwenda juu lote lilikuwa jeupe, na majani yake meupe yakining'inia ndani ya ukungu.

"Mmetumwa na wanangu," akasema.

"Hapana, Ta. Tumekuja kutazama wadudu."

"Mdudu gani?"

Tumaini akampa kioo cha kukuzia. Mzee akakataa. Akatuingiza ndani, sakafu imetandikwa nyasi mpya, akatuchomea ndizi kwa mikono yake, tukala mpaka tukamaliza. Halafu akaanza bila kuulizwa. Ule weupe ulianzia chini, akasema, kidogo tu. Akaogopa. Kaburi la mkubwa likiugua, ataulizwa anayelitunza. Basi akawa anakwangua kila asubuhi kabla watu hawajapita.

"Na nyumba zikipata msiba?" nikamuuliza.

"Wanakuja kuchukua omulamula hapa. Wote wa damu hii wanachukua hapa. Nawakatia vizuri, nakwangua, naosha kwa kitambaa. Sijawahi kumpa mtu kipande kichafu." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango akatoa furushi la majani ya mgomba. "Tazama hivi. Vya Kanazi, Projestus ametuma mtu avichukue leo. Tazama vilivyo safi."

Vilikuwa safi kweli. Tumaini aliomba ruhusa, akashika kimoja, akavuta jani pale linapokumbatia shina, taratibu, kama mtu anayefungua sikio la mtoto. Ndani, mahali kijiko hakifiki, ngao zilikuwa zimejipanga. Vitoto vya njano vilikuwa vinatembea.

Safari hii mzee alichukua kioo mwenyewe. Akatazama, akageuza kipande, akatazama tena.

"Wana watoto," akasema.

"Hawa hawana mbawa, Ta," nikatafsiri maneno ya Tumaini. "Mtoto hatembei hata kumaliza kibanja. Walisafiri kwa furushi."

Mzee alirudi kwenye kioo. Nikaona nikikaa kimya tutaondoka hivihivi, kwa hiyo nikamwambia habari ya Ma Anjelina. Nilimwambia yote, kikapu cha kahawa, na Jumapili, na kwamba anarudishwa kwao kwa sababu ya weupe. Mzee aliweka kioo juu ya nyasi.

"Mimi niliambiwa miti imekauka," akasema. "Sikuambiwa kuna mtu anafukuzwa."

"Anafukuzwa kesho, Ta."

Aligeuka akatazama mlangoni, kule mti ulipo. Nilidhani anatafuta namna ya kutuaga. Kumbe alikuwa anatafuta viatu.

Kurudi Kanazi

Jumapili wanaume walikaa kwenye viti uani, Projestus katikati. Ma Anjelina alikaa kizingitini, begi lake limeshafungwa, liko pembeni yake. Alikuwa amelifunga mwenyewe kabla hawajamwambia. Hilo begi liliniuma kuliko maneno yote.

Tumaini alijieleza, nami nikatafsiri. Jina la mdudu nikalitaja mara mbili. Projestus alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Binti, jina la Kizungu halimjui kaka yangu. Kwa nini amechagua kaburi lake?"

Ta Leonsi akasimama. "Hakuchagua. Nilimleta mimi."

Hakupamba. Alisema weupe uko kwa babu mkubwa, alisema kijiko, alisema nyumba zote alizozipa vipande. Mmoja wa wanaume akaanza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Projestus aliinamisha kichwa. "Baba mdogo, kwa nini hukusema?"

"Mngenitazama kama mnavyomtazama huyu mama."

Basi. Hakuna aliyeomba radhi, watu wetu mnawajua. Ila Projestus aliinuka, akalichukua lile begi kizingitini, akaliingiza ndani ya nyumba, akatoka mikono mitupu.

Ikabaki kazi. Tumaini alisema miti ikatwe chini kabisa, ichomwe palepale, visiki visuguliwe kwa maji ya sabuni. Vitachipua tena, safi. Ndipo wakatazamana. Damu ya ukoo ule huchukua vipande tu, haiangushi omulamula wa kaburi, na mjane hagusi wa mumewe. Lazima mkataji awe mgeni, na lazima amsalimie marehemu kwa lugha yake. Tumaini Kihaya hajui. Ta Leonsi akanigeukia, akanieleza desturi yao: anayekata hatazamwi, na akimaliza haagi mtu, anaondoka. Basi Tumaini akatangulia barabarani na mizigo kunisubiri.

Wakaingia wote, wakafunga mlango na madirisha. Ilikuwa mchana, jua kali, na ua mzima ukawa kimya, hata kuku sikuwaona. Nilipiga goti nikamsalimia, nikamwambia jina langu na jina la baba yangu, nikamwambia nimetumwa. Nilisubiri kidogo, kama mnavyosubiri mtu mzima aitikie. Kisha nikashika panga waliloniachia, nikakata. Shina la kwanza lilikatika kirahisi mno, kama lilikuwa limesimama kwa mazoea tu. Moto ulipowaka, zile ngao zikaanza kulia humo ndani, sauti ndogondogo nyingi, na nikawakumbuka wale mama waliojikunja, nikaendelea kutupia majani. Visiki nilivisugua kwa mkono, si kwa brashi, kwa sababu niliona brashi ni ukali.

Nikaegemeza panga ukutani. Kupitia mlango nilisikia mtu anapumua, karibu, upande wa pili wa ubao, na nilijua ni Ma Anjelina. Kuaga kulikuwa mwiko. Nikafuta mkono kwenye sketi, nikaweka kiganja changu kwenye ubao wa mlango, nikakiacha hapo kidogo, kisha nikashika njia.